Maisha ya Henry Sanford, balozi wa Marekani aliyemtafutia Leopold inchi ya Kongo



Katika somo la historia majina mengine tunayajua kwa moyo: Stanley, Leopold wa Pili, Bismarck, de Brazza. Mwalimu akiuliza mkutano wa Berlin ulikuwa mwaka gani, mikono mingi inainuka. Lakini akiuliza ni inchi gani ilikuwa ya kwanza kuitambua ile bendera ya buluu yenye nyota moja ya zahabu, darasa linanyamaza. Wengine wanajibu Ubelgiji. Hapana. Wengine wanajaribu Ujerumani. Hapana tena. Ilikuwa Marekani, tarehe 22 Aprili 1884, karibu miezi saba mbele ya mkutano wa Berlin kufunguliwa. Na mtu aliyetembea mlango kwa mlango mule Washington mpaka neno lile likatoka alikuwa balozi wa zamani, jina lake Henry Shelton Sanford. Nyota ingali juu ya bendera yetu mpaka leo, kwa hiyo si vibaya tumjue.

Sanford alizaliwa tarehe 15 Juni 1823 kule Woodbury, katika jimbo la Connecticut, upande wa kaskazini wa Marekani. Baba yake Nehemiah alikuwa na kiwanda cha misumari. Msicheke. Ilikuwa misumari midogo yenye kichwa cha shaba, ile wanayopigilia viti na masanduku, na feza iliyotoka humo ilikuwa nyingi kabisa. Mwaka wa 1841 baba akafa, kijana akiwa na miaka 18, akamwachia mali ya kutosha. Alianza masomo ya juu kule Hartford lakini hakuyamaliza, macho yalikuwa yanamsumbua. Akavuka bahari kwenda Ulaya, akajifunza luga, na baadaye akapata udaktari wa sheria kule Heidelberg, Ujerumani. Kijana tajiri, mwenye kusema Kifaransa vizuri, mwenye kupenda karamu na watu wakubwa: kazi gani inamfaa mtu wa namna hiyo? Ubalozi.

Mwaka wa 1847 alianza chini, mule ubalozi wa Marekani kule St. Petersburg, Urusi. Kutoka huko akapelekwa Frankfurt, kisha mwaka wa 1849 akawa sekretere wa ubalozi Paris. Huko ndiko lilitokea jambo dogo linaloonyesha vizuri roho yake. Mwaka wa 1853 Waziri wa mambo ya inje wa Marekani, William Marcy, aliandikia mabalozi wote waache kuvaa nguo za mapambo mbele ya wafalme. Marekani ni inchi isiyo na mfalme, basi mjumbe wake avae nguo za kawaida kama raia. Siku zile balozi mkubwa hakuwako Paris, Sanford alikuwa anashika nafasi yake. Akatii. Akaingia katika nyumba ya mfalme Napoleon wa Tatu na suti nyeusi tupu, katikati ya watu waliojaa zahabu kifuani na panga kiunoni. Walimtazama kama mtumishi wa kubeba sahani. Alivumilia, na moyoni alijisifu. Mwaka wa 1854 balozi mpya, John Mason, akafika, naye akashona nguo zake za mapambo bila kujali amri. Sanford akaona ni haya juu yake, akaandika barua ya kuacha kazi. Mtu wa kiburi, ndiyo, lakini siku ile kiburi chake kilikuwa upande wa sheria.

Miaka iliyofuata alijishughulisha na biashara na kesi za jamaa yake, halafu vita ikatokea kwao. Mwaka wa 1861 majimbo ya kusini, yale yaliyotaka kuendelea na utumwa, yalijitenga. Prezida Abraham Lincoln alipoingia katika kazi alimtuma Sanford Brussels, awe balozi wa Marekani mbele ya Mfalme Leopold wa Kwanza, baba yake yule tunayemjua sisi.

Ubelgiji ni inchi ndogo, kazi ya balozi pale haikuwa kubwa. Sanford hakukaa kusinzia. Aliona kwamba watu wa kusini wanatembea Ulaya kununua bunduki, baruti na mashua za vita, akaamua kuwafuata. Alilipa wapelelezi kule London wawatazame mchana na usiku, wajue nani anaingia kiwanda gani, sanduku gani linapakiwa katika bandari gani. Aliwalipa makarani wampe habari za barua na telegramu. Yeye mwenyewe alinunua silaha na vitambaa vya aska­ri wa Lincoln, mara nyingine kusudi tu wale wengine wasivipate. Balozi wa Marekani kule Uingereza, Charles Francis Adams, hakufurahi hata kidogo, maana Sanford alikuwa anacheza katika uwanja wa mwenzake bila kubisha hodi.

Mwaka uleule wa 1861 alisafiri mpaka kisiwa cha Caprera kumwona Garibaldi, yule mpiganaji mashuhuri wa Italia, amwombe aje kuongoza jeshi la Lincoln. Garibaldi akajibu kwamba atakuja akipewa jeshi lote mkononi mwake, pamoja na ruhusa ya kutangaza uhuru wa watumwa. Sanford hakuwa na uwezo wa kumpa moja wala lingine, akarudi mikono mitupu. Fikirini kidogo: mwaka ule mgeni ndiye alitaka watumwa wafunguliwe mara moja, na mjumbe wa serikali akanyamaza.

Neno moja juu ya cheo chake. Katika vitabu mingi wanamwita Jenerali Sanford, mtu anafikiri alipigana. Hakupiga risasi hata moja. Alitoa zawadi ya mizinga kwa askari wa jimbo la Minnesota, nao wakamshukuru kwa cheo cha jenerali cha heshima. Akakipenda sana, akakibeba mpaka kifo. Wabelgiji nao walifurahia kumwita vile.

Mwaka wa 1864 akamwoa Gertrude du Puy, binti wa Philadelphia aliyesifiwa sana kwa uzuri. Wakazaa watoto saba. Prezida Grant alipochukua utawala mwaka wa 1869 akamwondoa Sanford na kumweka mtu mwingine Brussels. Sanford alitafuta ubalozi mwingine, akaandika huku na huku, lakini Senati haikumpa. Akabaki Ubelgiji kama mtu binafsi, pamoja na jamaa yake, katika nyumba kubwa ya bwana pale Gingelom, yenye watumishi na farasi. Na hapo ndipo shida ilianzia, maana maisha ya namna ile yanakula feza kila siku, na mshahara wa ubalozi ulikuwa umekwisha.

Alijaribu biashara ya kila namna. Mwaka wa 1870 alinunua shamba kubwa kule Florida, karibu hektari elfu tano kando ya ziwa Monroe, akapanda machungwa na malimao na kuanzisha mji unaoitwa Sanford mpaka leo. Alileta wafanyakazi weusi, na wazungu wa kandokando wakawavamia na bunduki. Akaleta watu wa Sweden kwa kontra, nao wengi wakakimbia. Tena alikuwa na shamba la sukari kule Louisiana. Machungwa yalikuwa mazuri, sukari ilikuwa tamu, lakini katika daftari la hesabu hasara ilifuata hasara. Feza ya misumari ya baba ilikuwa inayeyuka. Tukumbuke jambo hili, sababu mtu mwenye deni anasikiliza ahadi kwa masikio mengine.

Sasa tuje kwa Leopold wa Pili. Aliketi juu ya kiti cha baba yake mwaka wa 1865, na tangu mbele alikuwa na hamu ya koloni. Mwaka wa 1876 aliwaita wataalamu wa jiografia Brussels, akaunda chama kilichoitwa cha Kiafrika na cha mataifa yote, na kazi yake, walisema, ni kuzuia biashara ya watumwa na kufungua njia kwa elimu. Mwaka wa 1877 Sanford akaingizwa katika komite ndogo iliyoongoza chama kile. Kwa mtu aliyekosa ubalozi, kuitwa tena katika nyumba ya mfalme kulikuwa kama mvua baada ya ukame.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya kumkamata Stanley. Mwezi wa Agosti 1877 Stanley alitokea Boma kutoka mashariki, baada ya kuufuata mto wote. Mwezi wa Januari 1878 alipopita Marseille akirudi Uingereza, alikuta watu wawili wanamngoja: Baron Greindl na Sanford. Walimpa salamu za mfalme na kumwomba afanye kazi naye. Stanley alikuwa amechoka na mgonjwa, akakataa kwanza, akitumaini Waingereza watamsikiliza. Hawakumsikiliza. Mwaka uleule akakubali, na mwaka wa 1879 alikuwa amerudi kwenye mto, akipasua njia kandokando ya maporomoko. Wazee wetu wakamwita Bula Matari, na jina lile baadaye likawa jina la serikali yote ya ukoloni.

Lakini njia na nyumba za mbao hazitoshi. De Brazza alikuwa amefanya masikilizano na Makoko kwa jina la Ufaransa. Ureno walisema mdomo wa mto ni wao tangu zamani, na mwezi wa Februari 1884 Uingereza ikaandika mkataba wa kuwaunga mkono. Leopold alikuwa na nini? Chama tu. Na chama, machoni mwa serikali za Ulaya, hakiwezi kuwa na inchi, sawa vile kwaya haiwezi kuwa na jeshi. Alihitaji serikali moja kubwa iseme: bendera hii tunaitambua. Ikisema moja, zingine zitafuata. Na moja isiyo na koloni katika Afrika, isiyo na wivu wa karibu, ilikuwa Marekani.

Basi mwisho wa mwaka wa 1883 Sanford akavuka bahari na barua ya mfalme kwa Prezida Chester Arthur. Mlango ulikuwa nusu wazi, maana mwaka uleule, mwezi wa Aprili, Prezida alipotembelea Florida alilala katika hoteli ya mji wa Sanford. Telegramu kati ya Washington na Brussels ziliandikwa kwa majina ya siri: Stanley aliitwa Achille, na Ufaransa iliitwa Eugénie kama vile mwanamke. Sanford akakodi nyumba, akapika karamu, akaalika masenatere na wakubwa wa gazeti. Mwezi wa Desemba, Prezida aliposoma habari za mwaka mbele ya Baraza, maneno juu ya Kongo yalikuwa karibu yaleyale Sanford aliyomwandalia.

Aliwaambia nini? Kwa kila mtu alikuwa na neno lake. Kwa wafanyabiashara wa New York alisema juu ya soko: watu wengi, wote wanataka vitambaa vya Marekani, na bila kulipa duane. Chumba chao cha biashara kikaunga mkono. Kwa wapenda haki alisema juu ya vita dhidi ya watumwa. Kwa wale waliojua Liberia alisema kwamba chama hiki ni cha muda tu, kwamba machifu wataungana na kuwa na majimbo huru ya watu weusi, na mfalme atajiondoa.

Msaidizi wake mkubwa katika Senati alikuwa John Tyler Morgan wa Alabama. Huyu zamani alikuwa jenerali wa jeshi la kusini, ndiyo kusema mmoja wa wale Sanford aliokuwa anawapeleleza miaka ishirini mbele. Morgan alikuwa na sababu yake: hakupenda watu weusi waliopata uhuru wabaki katika inchi yake na haki ya kupiga kura. Alitaka wapelekwe Afrika, na Kongo aliiona kama pahali pa kuwatupa. Sanford alijua nia ile. Hakuipinga, naye mwenyewe alisema hivyohivyo kwa kumfurahisha. Mimi naona hapa pana doa kubwa kuliko yote katika maisha yake. Mtu aliyemtumikia Lincoln aliketi meza moja na Morgan, wakakata shauri juu ya Weusi wa Marekani na Weusi wa Kongo pamoja, na hapakuwa mtu mweusi hata mmoja kwenye meza.

Kisha kulikuwa na karatasi za machifu. Watu wa Leopold walikuwa wamekusanya mikataba zaidi ya 450 kandokando ya mto. Machifu walitia alama ya msalaba chini ya maneno ya luga wasiyoijua. Tarehe 1 Aprili 1884, siku chache tu mbele ya Senati kukata shauri, machifu wa Ngombi na Mafela walitoa inchi yao yote, pamoja na kazi ya watu wao na haki ya barabara, kwa kikwembe kimoja kila mwezi kwa kila chifu. Mikataba mingine ilikuwa inakipa chama peke yake haki ya biashara. Jambo hilo lingewakasirisha Wamarekani waliotaka soko wazi, na kwa hiyo katika nakala walizoonyeshwa masenatere maneno hayo yalikuwa yameondolewa huko Brussels. Sanford naye alidanganywa pamoja nao. Mdanganyifu alimtumia mtu ambaye yeye mwenyewe alisadiki, maana anayesadiki anasema vizuri zaidi.

Tarehe 10 Aprili Senati ikakubali. Tarehe 22 Aprili tangazo likaandikwa. Upande wa Marekani aliweka mkono Waziri Frelinghuysen. Upande wa chama aliweka mkono Sanford, Mmarekani akiandikia serikali ya Marekani kwa jina la mfalme wa Ubelgiji. Ndani ya tangazo, chama kiliahidi kutotoza duane juu ya vitu vinavyoingia, na kuzuia biashara ya watumwa. Shikeni vizuri ahadi ya duane, itarudi. Jambo la kushangaza: katika karatasi ileile wanachanganya vyama viwili, kile cha Kiafrika cha mwaka 1876 na kile kipya cha Kongo ambacho Leopold alikiunda polepole akikiacha kilingane kwa jina. Waziri hakuona tofauti, au hakujali. Nyota ya zahabu ikawa bendera ya serikali rafiki.

Kutoka hapo mambo yalikimbia. Ufaransa ikafuata, Ujerumani ikafuata. Tarehe 15 Novemba 1884 Bismarck akafungua mkutano wa Berlin, inchi 14 mezani. Sanford alikuwako, mara hii akiketi upande wa Marekani, msaidizi wa balozi Kasson. Mwezi wa Aprili alikuwa mtu wa Leopold mbele ya Marekani. Mwezi wa Novemba alikuwa mtu wa Marekani, na moyo bado kwa Leopold. Mkutano ukafungwa tarehe 26 Februari 1885. Mwaka ule ikazaliwa ile iliyoitwa Dola Huru ya Kongo, kama mali ya mtu mmoja. Na Senati ya Marekani, iliyofungua njia, haikuukubali mkataba wa Berlin.

Sanford alingoja malipo. Leopold alikuwa amemtumainisha cheo kikubwa katika utawala wa Kongo. Mwezi ukapita, na mwingine. Mfalme alimwita kwenye chakula, akamsifu mke wake, akanyamaza juu ya cheo. Mwishowe alimpa ruhusa ya kufanya biashara katika mto wa juu, na mwaka wa 1886 Sanford akaunda kompani yake, Sanford Exploring Expedition, kukusanya pembe za tembo na mpira. Mkubwa wake pale Kongo alikuwa afisa wa mashua za vita za Marekani, Emory Taunt. Sanford mwenyewe hakukanyaga Kongo hata siku moja. Mtu aliyeitangaza inchi mbele ya dunia hakuona maji ya mto wake.

Kama angalikuja, angalifahamu upesi. Kutoka Matadi mpaka Stanley Pool, karibu kilometa 400, hapakuwa reli. Ilianzwa mwaka wa 1890 na kumalizika mwaka wa 1898. Kila kitu kilipita juu ya kichwa cha mtu, kilo 30 hivi kwa kila mpagazi, milima kupanda na milima kushuka, na wengi walianguka njiani. Mashua ya moshi ya kompani, iliyoitwa Florida, ilibebwa vipande vipande. Serikali ilikuwa imeahidi kutoa wapagazi, lakini ilijifikiria yenyewe kwanza. Vipande vya mashua vililala Matadi vikiota kutu, na Brussels Sanford alikuwa anahesabu deni.

Halafu mwaka wa 1887 akapita Stanley, safari hii akienda kumwokoa Emin Pasha. Alikuwa na watu mamia na mashua hazitoshi. Wasomaji wa masomo yetu ya Kiprotestanti watapenda kujua kwamba mashua mbili alizozichukua zilikuwa za misioni: Peace ya Wabaptiste wa Uingereza, na Henry Reed ya Wabaptiste wa Marekani, na wamisionari wa Henry Reed hawakuitoa kwa furaha. Akaona pale Florida, mwili tu, mashini bado iko njiani. Akauchukua nao, akaufunga nyuma ya mashua nyingine kama chombo cha kubeba watu. Kompani ya Sanford ikakaa miezi bila mashua, juu ya mto ambao bila mashua hakuna biashara. Yule aliyemwendea Marseille ndiye alimnyang'anya chombo.

Pembe zilipatikana, ndiyo, lakini feza ilikuwa imekwisha mapema. Mwezi wa Desemba 1888 Wabelgiji wa Albert Thys waliunda kompani yao ya biashara ya Kongo ya juu, nayo ikameza ile ya Sanford pamoja na vituo, mashua na wafanyakazi. Kompani mpya ilipata faida kubwa. Sanford hakuionja sana.

Tendo la mwisho lilikuwa Brussels, kutoka Novemba 1889 mpaka Julai 1890. Leopold aliita mkutano mwingine wa mataifa, dhidi ya biashara ya watumwa. Sanford akateuliwa tena mjumbe wa Marekani, akaja na furaha, akidhani sasa ndipo ahadi ya zamani itatimia. Katikati ya mkutano mfalme akatoa ombi lake: vita dhidi ya watumwa inataka feza, basi aruhusiwe kutoza duane mpaka sehemu kumi kwa mia juu ya vitu vinavyoingia Kongo. Berlin ilikuwa imekataza jambo hilo kwa miaka ishirini. Na katika karatasi ya tarehe 22 Aprili 1884 ahadi ile ilikuwa chini ya mkono wa Sanford mwenyewe.

Alisimama akakataa. Alikuwa mzee sasa, mgonjwa, mwenye deni, na aliyekataa mbele yake alikuwa mtu aliyemtumikia kwa miaka kumi na mitatu. Haikusaidia. Serikali zingine zilikubali, mkataba ukaandikwa tarehe 2 Julai 1890. Nyumba ya mfalme ikamfungia mlango. Miezi michache mbele, Weusi wa Marekani waliosikia maneno mazuri ya 1884 walikuwa wameanza kuja kujionea. Mmoja wao, George Washington Williams, aliandika barua yake ya wazi kwa Leopold tarehe 18 Julai 1890 akiwa Stanley Falls, pale Kisangani ya leo, akaorodhesha minyororo, nyumba zilizochomwa na mikataba ya uongo.

Sanford alirudi kwao kutafuta afya katika maji ya moto ya Healing Springs, Virginia. Alikufa huko tarehe 21 Mei 1891, na miaka 67. Hakuona mikono iliyokatwa, hakusikia juu ya mpira mwekundu. Mjane wake Gertrude alibaki na watoto na madeni.

Lakini mambo aliyoyaanzisha yaliendelea kutembea bila yeye, na mengine yalimgeukia Leopold. Mwanzo wa 1890 mmisionari kijana wa Presbiteri, Samuel Lapsley, alipita Brussels akielekea Kongo, na Sanford akamfungulia njia ya kumwona mfalme. Mwenzake Lapsley alikuwa mtu mweusi, William Sheppard. Walifika Luebo mwaka wa 1891. Lapsley akafa mwaka uliofuata, Sheppard akaendelea, na mwaka wa 1899, katika kambi ya Wazappo-Zap, alihesabu mikono 81 iliyokaushwa juu ya moto, akaandika habari ile, ikafika Ulaya na Marekani. Tena, kati ya vijana walioajiriwa na kompani ya Sanford mwaka wa 1886 alikuwako Roger Casement wa Ireland. Njia za mto alizijifunza akihesabu mizigo ya Sanford. Mwaka wa 1903 alirudi juu ya mto uleule akiwa konsula wa Uingereza, na ripoti yake ya mwaka wa 1904 ilianza kuitikisa Dola Huru, mpaka mwaka wa 1908 Leopold akaitoa mkononi.

Baridi kali ya mwaka wa 1894 na 1895 iliua michungwa ya Florida. Mji umebaki, na ndani yake kuna nyumba ndogo ya kumbukumbu ambamo karatasi za Sanford zimewekwa masandukuni: hesabu za machungwa na sukari, barua za wapelelezi wa wakati wa Lincoln, barua za Stanley, na barua nyingi kutoka nyumba ya mfalme Brussels. Wanahistoria wanakwenda huko kusoma namna gani tulitafutiwa bendera.